Mlima wa Almasi

Simulizi ya kweli ya matapeli wawili, matajiri wa San Francisco na wapima ardhi wa serikali ya Marekani

SEHEMU YA KWANZA: Mfuko wa ngozi

Mwishoni mwa mwaka 1870, wanaume wawili walibisha hodi katika ofisi ya George Roberts, mfanyabiashara wa migodi mjini San Francisco. Nyuso zao zilikuwa zimeungua kwa jua na upepo. Mmoja aliitwa Philip Arnold, wa pili John Slack. Walikuwa binamu, wazaliwa wa Kentucky, na kwa miaka mingi walikuwa wakizunguka nyika za magharibi wakitafuta madini. Walibeba mfuko mdogo wa ngozi ambao hawakutaka mtu yeyote auguse.

Roberts akawahoji. Wakasitasita, wakatazamana, kisha wakatamka kwa shingo upande kwamba ndani ya mfuko mna almasi mbichi. Wamezitoa wapi? Hapo wakafunga midomo.

Usimcheke Roberts kwa kuamini. Mwaka 1848 dhahabu ilionekana California, na waliobeza habari hizo walibaki maskini huku majirani zao wakijenga majumba. Mwaka 1859 ikaonekana fedha Nevada, na waliobeza wakajuta mara ya pili. Kisha mwaka 1867 kijana mmoja akaokota almasi karibu na Mto Orange, Afrika Kusini, na dunia nzima ikageuza macho kule. Kama Afrika Kusini ilikuwa na almasi juu ya mchanga, nani angeapa kwamba jangwa la Marekani halina?

Roberts aliahidi kutunza siri. Hakuitunza. Habari zilimfikia William Ralston, mwanzilishi wa Benki ya California, mtu ambaye fedha zake zilikuwa zimeingia karibu kila mgodi mkubwa wa upande ule. Ralston naye akampasha Asbury Harpending, mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa London, naye akarudi mbio.

Matajiri wakaanza kumtongoza Slack awauzie fungu lake. Alikubali kwa dola laki moja, nusu mkononi, nusu baadaye, wakisharudi na vito zaidi. Kiangazi cha 1871 binamu hao wakatoweka. Wenye fedha waliambiwa wamerudi kwenye mlima wao wa siri. Msomaji, lishike moyoni swali hili: kiangazi hicho Arnold na Slack walikuwa wapi hasa? Jibu lake litakuja, na litauma.

Waliporudi, Harpending aliwapokea kwenye stesheni ya treni ya Lathrop. Walikuwa hoi, na Slack alilala kama gogo huku Arnold akikaa macho, bunduki mkononi, akiulinda mzigo. Harpending anasimulia kwamba alipofika nyumbani kwake usiku ule alitandaza shuka juu ya meza ya biliadi na kuumimina mfuko wote mbele ya wenzake. Almasi, yakuti nyekundu na vito vya rangi nyingine vikatawanyika mezani. Waliosimama pale walikosa la kusema.

Hata hivyo matajiri wale hawakuwa watoto wadogo. Wakakubaliana kwamba vito vipelekwe New York kwa Charles Tiffany, sonara aliyeheshimiwa kuliko wote nchini. Kikao kikafanyika katika nyumba ya mwanasheria Samuel Barlow. Walikuwepo Jenerali George McClellan, aliyewahi kuongoza majeshi ya Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mbunge Benjamin Butler, na Horace Greeley, mhariri wa gazeti la New York Tribune.

Tiffany alivipanga vito katika mafungu. Akainua kimoja baada ya kingine kwenye mwanga, akavigeuza bila haraka. Akasema ni vito vya kweli, ila thamani yake hawezi kuitaja hapo hapo. Akaomba siku mbili.

Je, sonara mkuu wa Marekani atarudi na jibu gani?

SEHEMU YA PILI: Mahali pasipo jina

Siku mbili zikapita. Tiffany akaleta jibu: fungu lile aliloonyeshwa lina thamani ya dola 150,000. Na hilo lilikuwa fungu dogo tu la mzigo wote.

Tiffany alikuwa mkweli, ila hakuwa na ujuzi wa jambo aliloulizwa. Duka lake lilijua almasi iliyokwisha kukatwa na kung'arishwa. Almasi mbichi, kama inavyotoka ardhini, mafundi wake hawakuwa na uzoefu nayo. Hakuna aliyeliuliza hilo. Watu walikuwa wamesikia tarakimu, na tarakimu iliwaziba masikio.

Likabaki sharti moja: mtaalamu aende aone kwa macho yake. Akachaguliwa Henry Janin, mhandisi wa migodi mwenye sifa ya kutokosea, mtu ambaye neno lake liliweza kufungua au kufunga mikoba ya wenye mali. Malipo yake yalikuwa dola 2,500, pamoja na haki ya kununua hisa 1,000 kwa bei nafuu.

Msafara uliondoka kwa treni hadi Rawlins, Wyoming. Huko wakapanda farasi, Arnold akiongoza. Kwa siku nne aliwazungusha. Mara wanapanda, mara wanashuka, mara Arnold anasimama kilimani akitazama huku na huku kama mtu aliyepotea. Jioni ya tarehe 4 Juni 1872 wakafika kwenye uwanda wa juu, chini ya mlima, palipo na kijito na miti ya misonobari. Arnold akawaonyesha wachimbe wapi.

Dakika chache tu, mmoja wao, Mwingereza aitwaye Alfred Rubery, akapiga kelele. Alikuwa ameshika kitu kinachometa. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka uchovu. Waliparua udongo kwa visu na majembe, wakaosha mchanga, na kila walipogusa walipata kitu. Janin hakuhitaji muda mrefu. Alipima eneo, akabandika tangazo la umiliki, akarudi na ripoti iliyosema kwamba mtu akinunua hisa moja kwa dola 40 fedha zake ziko salama.

San Francisco ikawaka moto. Kampuni ikaundwa kwa mtaji wa dola milioni 10. Wawekezaji 25 wakatoa dola 80,000 kila mmoja. Janin akaziuza hisa zake kwa dola 40,000. Arnold naye akauza fungu lake lote, akafungasha, akarudi kwao Kentucky na fedha zake. Slack alikuwa ameachwa na Rubery kulinda mahali pale. Baada ya hapo wenye kampuni hawakumwona tena.

Siri ya mahali ililindwa kwa ukali. Magazeti yalikisia. Wengi walisema ni Arizona, na watafuta bahati wakaelekea kusini kwa makundi. Wachache waliojua njia walikuwa wamekula kiapo.

Lakini kulikuwa na ofisi moja ya serikali ambayo haikuhitaji kuambiwa njia. Watu wake walikuwa wameitembea nchi ile kwa miaka sita wakiipima, mlima kwa mlima. Na mkuu wao aliposoma habari za almasi, alikosa usingizi. Ama magazeti yalikuwa yanadanganya, ama kazi yake yote ilikuwa imepita juu ya utajiri mkubwa kuliko wote wa Marekani bila kuuona.

Alikuwa nani mtu huyo, na angefanya nini?

SEHEMU YA TATU: Watu wa mstari wa arubaini

Jina lake lilikuwa Clarence King. Mwaka 1867, akiwa na umri wa miaka 25 tu, alipewa na serikali kazi ambayo wazee wenye nyota mabegani walikuwa wakiitamani: kupima na kuchora ukanda wa nchi wenye upana wa maili zipatazo 100, kuanzia mpakani mwa California hadi ng'ambo ya Milima ya Rocky, ukifuata mstari wa nyuzi 40 kaskazini ya ikweta. Reli ya kuunganisha bahari mbili ilikuwa inajengwa katika ukanda huo huo, na Bunge lilitaka kujua reli inapita juu ya nini. Maji yako wapi? Makaa ya mawe yako wapi? Ardhi ipi inalimika? Baadaye serikali ilikuwa na misafara minne ya namna hiyo kwa wakati mmoja, ya King, Wheeler, Hayden na Powell, na ramani zao za kale bado zinatafutwa na wakusanyaji hadi leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wapimaji wanapima kwanza mstari mmoja ardhini kwa uangalifu mkubwa. Kutoka kila ncha ya mstari wanaelekeza teodolaiti, chombo cha kupimia pembe, kwenye kilele cha mlima. Wakishajua urefu wa mstari mmoja na pembe mbili, hesabu inawapa umbali wa kilele bila kuufikia kwa kamba. Kilele hicho kinakuwa ncha ya pembetatu nyingine, na nyingine, mpaka nchi nzima inafunikwa na pembetatu. Kimo cha mahali walikipata kwa baromita, mrija wa kioo wenye zebaki ambao mtu aliubeba mlimani kwa hadhari kuliko alivyobeba chakula chake. Kila jioni, kando ya moto, daftari zilijazwa: kijito kinaelekea wapi, mwamba una rangi gani, miti inaanzia kimo gani.

Walilipa gharama. Mwaka wa kwanza homa ya malaria iliwalaza karibu wote katika mabwawa ya Nevada. Septemba mwaka huo huo, King akiwa juu ya Job's Peak akichungulia kwenye teodolaiti, radi ilimpiga, na upande mmoja wa mwili wake ukafa ganzi kwa siku kadhaa. Alipopona, kazi iliendelea.

Nchi hiyo haikuwa tupu. Wapaiute, Washoshone na Waute walikuwa na njia zao na majina yao kwa kila bonde na mto. Ramani za serikali ziliyafuta mengi ya majina hayo, na zilitangulia mbele ya walowezi walionyang'anya ardhi yenyewe. Waute wa White River, jirani wa mlima tunaousimulia, walihamishwa kwa nguvu kwenda Utah mwaka 1881. Mpenzi wa ramani hizi na akumbuke hilo kila anapozisifu.

Turudi Oktoba 1872. Watu wa King walikuwa wanafunga msimu wa mwisho. Ndani ya treni iliyokuwa inaelekea California, mmoja wao akakutana na wasaka almasi waliokuwa wanarudi. Hakuwauliza kitu. Alitazama na kusikiliza. Janin mwenyewe hakuwa mgeni kwao, naye alisikika akisimulia juu ya mahali pa ajabu, jangwa lenye mlima wa umbo la pia uliokatwa ncha, ukichomoza peke yake.

King, mjiolojia Samuel Emmons na wapimaji James Gardiner na A. D. Wilson wakakaa na daftari zao. Msafara wa Janin ulishuka treni Wyoming. Ulikwenda kwa farasi siku chache tu. Ilikuwa Juni, mwezi ambao mto Green River hufurika kwa maji ya theluji na kuvuka ni hatari, kwa hiyo msafara haukuuvuka. Panatakiwa mlima wa pia, bapa kileleni, na misonobari karibu. Wakapitia ukurasa baada ya ukurasa. Katika nchi yote waliyoipima, palikuwa na mahali pamoja tu palipokubaliana na maelezo hayo yote. Pako pembeni kabisa mwa Colorado, karibu na mipaka ya Wyoming na Utah.

King hakumwambia mtu. Hakupeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wake. Mwisho wa Oktoba yeye, Emmons, Wilson na wasaidizi wachache walitoka Fort Bridger na nyumbu wa mizigo. Baridi ilikuwa kali mno. Walipovuka mito, maji yaliganda kwenye miguu ya nyumbu yakawa madonge ya barafu yaliyogongana kila walipopiga hatua. Siku tano, maili zipatazo 150.

Siku ya tano waliona alama ya shoka kwenye mti. Mbele kidogo, karatasi: tangazo la Henry Janin la kumiliki maji ya kijito. Wakashuka, wakapiga magoti kwenye ardhi iliyoganda. Kabla jua halijazama, walikuwa wamepata yakuti kadhaa. Na almasi.

Usiku ule wapima ardhi wa serikali walilala wakiamini. Janin alikuwa amesema kweli. Wao ndio waliokuwa wamepita juu ya utajiri bila kuuona. Au sivyo?

SEHEMU YA NNE: Vichuguu vinasema

Kulipokucha King alirudi mlimani na hesabu badala ya tamaa. Alianza kuandika kila kito kilipopatikana. Haikuchukua muda akaona jambo lililomsumbua. Kila palipoonekana almasi moja, palikuwa na yakuti kama kumi na mbili. Hapa kumi na mbili kwa moja, na pale tena kumi na mbili kwa moja. Maumbile hayagawi hivyo. Anayegawa kwa kipimo ni binadamu.

Akatazama aina za vito. Almasi za namna mbalimbali, yakuti, zumaridi, ganeti, vyote kwenye uwanja mmoja. Yeye alikuwa mjiolojia. Alijua kwamba vito hivi huzaliwa katika miamba tofauti, na mkusanyiko kama ule haukuwahi kuonekana popote duniani.

Kisha vichuguu. Uwanda ule una vichuguu vidogo vya sisimizi, na baadhi vilikuwa na yakuti zinazong'aa juu yake. King na wenzake wakainama wakavichunguza kimoja kimoja. Kichuguu kisicho na kito kilikuwa na tundu moja, mlango wa sisimizi wenyewe. Chenye kito kilikuwa na tundu la pili ubavuni, limezibwa kwa udongo uliopasuka, upana wake ukilingana na kijiti. Mtu alikuwa ametoboa, akasukuma kito ndani, akaacha mvua na sisimizi wafanye mengine. Kando ya vichuguu hivyo walikuta alama zilizochakaa za nyayo za watu.

Juu ya mwamba waliona vito vimekwama katika nyufa ambazo zilikuwa na mikwaruzo mipya. Kwenye ardhi ambayo haijawahi kuguswa hawakupata hata chembe.

Bado King hakuridhika. Kama almasi zilitoka mlimani kweli, mvua za karne nyingi zingezikokota hadi chini ya korongo, nazo kwa uzito wake zingejikusanya juu ya mwamba wa chini. Wakachimba shimo refu katikati ya korongo, futi kama kumi kwenda chini, mahali ambapo tapeli hawezi kufika bila kuacha alama. Kila koleo la mchanga lilipita kwenye chekeche, likaoshwa. Kama mlima ulikuwa na utajiri, ungekuwa hapo.

Hawakupata kitu. Hata yakuti moja.

Hapo ubishi ukaisha. Mlima wa almasi ulikuwa umepandwa vito kama shamba linavyopandwa mbegu. Kwenye benki za San Francisco, fedha za watu zilikuwa zinamiminwa juu ya mchanga mtupu, na hisa zilikuwa zinangoja kuuzwa kwa umma, kwa watu wa kawaida ambao wasingekuwa na pa kulalamika.

Walikuwa bado wameinama kazini walipoinua macho wakamwona mtu asiyejulikana. Alikuwa mfanyabiashara wa almasi kutoka New York. Alikuwa amewafuata kwa mbali siku zote hizo, akiwatazama kwa darubini kila walipopiga kambi. Aliposogea na kuuliza wameona nini, mmoja wa wenzake King, kwa kutofikiri, akamjibu ukweli: vito vimepandwa.

Sura ya mgeni ilichangamka. Hapo hapo alianza kunong'ona juu ya faida atakayoipata mtu mwenye habari hizo, akiuza hisa kabla wengine hawajajua na kuwaachia hasara.

King alielewa kwamba siri aliyoipata kwa jasho la kazi ya umma ilikuwa karibu kugeuka silaha ya mlanguzi. Alikuwa na usiku mmoja tu wa kumtangulia. Kabla ya alfajiri, yeye na Wilson walitandika nyumbu wao na kuelekea kaskazini, stesheni ya Black Buttes, maili zipatazo 45 za nyika isiyo na barabara, kwenye baridi ile ile.

Je, treni ya kwenda San Francisco ingembeba nani kwanza: mtumishi wa umma au mlanguzi?

SEHEMU YA TANO: Ramani na hukumu

King alifika San Francisco tarehe 10 Novemba 1872, na alikuwa wa kwanza. Hakuanzia magazetini. Alimtafuta Janin, akakaa naye usiku, akamweleza hatua kwa hatua mpaka mhandisi asiyekosea akakubali kwamba amekosea. Asubuhi wote wakaenda mbele ya wakurugenzi wa kampuni.

Ralston na wenzake walisikiliza wakiwa wameduwaa. Kisha wakaomba muda: habari zicheleweshwe kidogo, wajipange. Hapo ndipo King alipoonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Alikataa katakata kuwapa nafasi ya kuuza hata hisa moja. Alikubali jambo moja tu, kuwapeleka watu wao mlimani wakajionee. Wakaenda. Wakarudi wakiwa wameinamisha vichwa. Tarehe 26 Novemba magazeti ya San Francisco yalichapisha yote, pamoja na barua ya King.

Sasa lile swali la kiangazi cha 1871. Binamu wale hawakuwa mlimani. Walikuwa London, kwa majina ya bandia, wakinunua almasi na yakuti mbichi za hadhi ya chini kwa fedha za matajiri wale wale waliowaamini. Gharama yake ilikuwa kama dola 20,000. Wakati huo almasi za Afrika Kusini zilikuwa zimeanza kumiminika katika soko la London, na mnunuzi wa mawe hafifu hakushtua mtu. Na vito vya kwanza kabisa? Kabla ya kubisha hodi kwa Roberts, Arnold alikuwa karani katika kampuni ya San Francisco iliyotengeneza keekee za kuchimbia miamba zenye ncha za almasi.

Kwa jumla alivuna zaidi ya nusu milioni. Alilipa dola 150,000 kumaliza kesi, akafungua benki kwao Elizabethtown, na mwaka 1878 akapigwa risasi katika ugomvi na mwenye benki mwenzake. Alifariki miezi michache baadaye. Slack aliishia kutengeneza majeneza New Mexico. Ralston aliwarudishia wawekezaji fedha zao. Lakini mwezi Agosti 1875 benki yake ilifunga milango, na siku iliyofuata mwili wake ukapatikana katika ghuba ya San Francisco.

Mlima upo. Ramani za leo zinauita Diamond Peak, kwa kumbukumbu ya almasi ambazo hazikuwahi kuwa zake. Na nchi inayouzunguka imo katika atlasi iliyotokana na kazi ya King, iliyochapishwa mwaka 1876 na Julius Bien wa New York. Ni karatasi kubwa, inchi moja ikisimama badala ya maili nne, ukanda wote ukigawanywa katika mikoa mitano, kila mkoa na ramani mbili: moja ya sura ya nchi, nyingine ya miamba iliyo chini yake. Wachapaji walichora kwenye mawe laini, kila rangi na jiwe lake, karatasi ikirudi mtamboni mara kwa mara mpaka kila tabaka la mwamba lipate rangi yake bila kuvuka mpaka hata kwa unywele. Ukiisogeza karatasi ya Bonde la Green River karibu na macho, unaona mabonde yametiwa kivuli upande mmoja hadi vilima vinaonekana kuinuka kutoka kwenye karatasi. Nyuma ya kila kivuli kuna mtu aliyepanda na mrija wa zebaki mgongoni.

Mwaka 1879 Marekani iliunda idara moja ya kudumu ya kupima na kuchunguza ardhi yake. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Clarence King.

Hukumu yangu ni hii. Benki ilidanganyika, sonara alidanganyika, majenerali walidanganyika, na mhandisi bora wa zama zake alidanganyika. Waliookoa fedha za wananchi ni watumishi wachache wa serikali waliokuwa na daftari zilizoandikwa kwa uaminifu miaka kadhaa kabla ya almasi kutajwa. Nchi inayolipia upimaji wa kweli na kuuweka wazi kwa wote inanunua kinga ambayo hakuna tajiri anayeweza kuiuza. Nawe msomaji, atakapokuja mtu na mfuko wa ngozi na hadithi ya mahali pasipotajika, mwambie akuonyeshe ramani kwanza.

Ila hatujamalizana na King. Huyu aliyeweza kusoma uongo kwenye tundu la sisimizi alikuwa na siri yake mwenyewe. Mwaka 1888, mjini New York, alifunga ndoa na mwanamke Mweusi aitwaye Ada Copeland, aliyezaliwa Georgia katika zama za utumwa. Kwa miaka 13 Ada aliishi na mumewe na kumzalia watoto bila kujua kwamba jina alilopewa, James Todd, halikuwa la kweli, wala kazi aliyotajiwa, wala asili aliyosimuliwa. Aliujua ukweli kwa barua iliyotoka Arizona mwaka 1901, mumewe akiwa kitandani anakufa.

Barua hiyo, na kesi ya miaka mingi iliyoifuata, ndiyo simulizi ya Jumamosi ijayo. Usikose.